Mtoto anajua, karatasi inamwangusha: mwongozo kamili kwa mzazi wa darasa la saba

Matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yakishatoka, wazazi wa hapa Moshi huwa na malalamiko yanayofanana. Mtoto anasoma, tuisheni anaenda, ukimuuliza nyumbani anajibu, lakini kwenye karatasi kapata 22 kati ya 50. Na wengi wao wameshajaribu tiba ile ile: tuisheni ya pili, kuamshwa saa 10 alfajiri, televisheni kufungiwa chumbani kwa baba. Mtihani unaofuata wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani hufanya pamoja, anapata 23.

Ukikaa na watoto wa namna hii utaona kwamba saa za kusoma wanazo za kutosha. Wanachosoma ni daftari, mara ya tano, mara ya sita, mpaka kurasa zimeanza kuchomoka. Kitu ambacho wengi hawajawahi kufanya ni kujibu karatasi nzima peke yao huku saa ikitembea, halafu mtu mzima akae nao kuangalia kila alama iliyopotea imepotelea wapi. Kazi hiyo mzazi anaiweza hata kama hisabati ilimshinda tangu darasa la tano.

Nimeandika nikimlenga mtoto wa darasa la saba anayefanya mtihani wa taifa Septemba. Mwenye mtoto wa darasa la nne afuate hatua hizi hizi, apunguze muda wa kila kipindi uwe nusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mitihani ya taifa ya miaka mitatu hadi mitano iliyopita, ya masomo yote. Steshenari nyingi za mjini wanayo, na kutoa kopi ni shilingi 50 hadi 100 kwa ukurasa. Muulize pia mwalimu wa taaluma, mara nyingi anayo faili nzima.
- Majibu sahihi ya mitihani hiyo. Usitegemee majibu ya kubahatisha yanayouzwa bila jina la mwandishi. Mwombe mwalimu wa somo akupitishie.
- Kaunta buku moja. Hili litakuwa daftari la makosa, na halitumiki kwa kazi nyingine yoyote.
- Penseli za HB mbili, kichongeo, ufutio mweupe usioacha doa, kalamu za wino wa bluu au mweusi, rula na mkebe wa hisabati. Nunua sasa, ili mtoto azoee vifaa atakavyoingia navyo.
- Kalamu nyekundu ya mzazi.
- Saa ya mshale, ya ukutani au ya mkononi. Simu haifai, kwa sababu inaleta na mambo mengine.
- Taa ya kuchaji au ya sola. TANESCO hawajui kama wewe una mtahiniwa.
- Meza na kiti. Kama nyumba ni ya vyumba viwili na kuna wadogo, muda utakuwa muhimu kuliko mahali: tafuta saa moja ambayo wadogo wamelala au wako nje.

Mwenye bando kidogo apitie tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz. Humo kuna miundo ya mitihani, na kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo wazazi wachache sana wanazifahamu. Katika taarifa hizo Baraza linaeleza, swali kwa swali, watahiniwa wengi walichagua jibu gani na kwa nini walipotea. Kwangu mimi hizo zina thamani kuliko kitabu chochote cha maswali na majibu kinachouzwa stendi. Vitabu vya kiada navyo unavisoma bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, ol.tie.go.tz.

## Hatua ya 1: Ondoa sababu za mwili kwanza

Kabla hujamwita mzembe, muulize mwalimu wa darasa mambo mawili: je, anakosea anaponakili kutoka ubaoni? Je, anasinzia darasani?

Anayekosea kunakili, anayekunja macho au anayesogeza daftari karibu na pua apelekwe kupimwa macho. Hospitali ya wilaya wanapima, na hospitali ya rufaa ya KCMC kuna idara ya macho. Mtoto anayesoma 8 kama 3 hata umlipie tuisheni tatu atabaki kukosea.

Anayesinzia, hesabu saa zake za kulala. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 akishafika miaka 13. Anayelala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri anapata saa 5. Aliyoyasoma mchana hutulia kichwani akiwa usingizini, kwa hiyo ukimnyima usingizi unafuta kazi ambayo wewe mwenyewe umeilipia ada.

Utajua umefaulu akiamka mwenyewe, au kwa kuitwa mara moja tu.

## Hatua ya 2: Mfahamu adui mwenyewe

Masomo ya mtihani ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila moja lina alama 50, jumla 300. Shule za serikali hufanya kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Shule za mchepuo wa Kiingereza ni kinyume chake.

Maana yake kwa mzazi ni hii: alama 50 za Uraia zina uzito sawa na 50 za Hisabati. Kuna nyumba ambazo mtoto hupigwa Hisabati Jumatatu hadi Jumamosi, na Uraia, ambako angepandisha alama 10 kwa wiki tatu, hakuguswi.

Chukua karatasi ya mwaka wa karibuni zaidi, kaa na mtoto, msome ukurasa wa mbele wenye maelekezo. Msome yote, kwa sauti. Maswali ya kuchagua hujibiwa kwa kusiliba, yaani kujaza, herufi kwenye fomu ya OMR inayosomwa na mashine, kwa penseli ya HB. Maswali ya kuandika majibu hujibiwa kwa kalamu ya wino. Vikokotozi haviruhusiwi. Mtoto aweze kukuelezea haya bila kuangalia.

## Hatua ya 3: Karatasi ya kwanza ya kupimia

Chagua Jumamosi asubuhi. Mtoto awe amekunywa chai. Mpe karatasi moja kamili, mwambie muda ulioandikwa juu yake, kisha ondoka. Usimfundishe kitu kabla, na usikae begani kwake.

Wazazi wengi wanaharibu hapa. Wanaona mtoto amekwama swali la tatu, wanasema, "Hebu soma tena hapo, si nilikwambia juzi?" Hapo kipimo kimeshakufa, kwa sababu Septemba hautakuwepo.

Muda ukiisha, chukua karatasi hata kama hajamaliza. Weka alama ya mstari alipofika, kisha mruhusu amalizie yaliyobaki kwa kalamu ya rangi nyingine. Sasa una alama mbili: ya ndani ya muda na ya jumla. Tofauti kati yake ndiyo itakayokuonyesha kama tatizo ni kasi au ni maarifa. Mtoto wa 24 ndani ya muda na 38 baada ya muda hahitaji tuisheni. Anahitaji Hatua ya 7.

Fanya hivi kwa masomo yote sita, somo moja kila Jumamosi, au mawili kama muda umebana.

Onyo: asipigwe wala kusemwa kwa alama za karatasi hii. Akiadhibiwa kwa kipimo cha kwanza, cha pili ataangalizia majibu, na wewe utafurahia 46 za uongo mpaka Novemba.

## Hatua ya 4: Sahihisha kwa kuuliza alama imepotelea wapi

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Ukishaweka pata na kosa, rudini kwenye kila kosa, moja moja. Mtoto alieleze kwa mdomo: "Nilichagua B kwa sababu…" Wewe sikiliza tu. Kisha mliingize kwenye daftari la makosa chini ya moja ya vichwa vinne.

Sikujua. Mada haikufundishwa, au alikuwa anaumwa siku hiyo.

Nilijua, nikasahau. Anakumbuka hata ukurasa ulipo, ila jibu halikuja.

Sikulielewa swali. Somo analijua, swali hakulisoma.

Mkono. Alikokotoa vizuri akasiliba herufi nyingine, alisahau kubeba 1, aliruka swali.

Kila kichwa kina tiba yake, ndiyo maana kurundika yote chini ya neno "mzembe" hakusaidii. "Sikujua" inatibiwa na mwalimu. "Nilisahau" inatibiwa na Hatua ya 6. "Sikuelewa swali" na "mkono" zinatibiwa nyumbani, bure, na kwa watoto wengi ndizo zinazokula alama nyingi kuliko wazazi wanavyodhani.

Angalia mfano wa kundi la tatu. Swali: *Vyote vifuatavyo ni vyanzo vya nishati jadidifu isipokuwa: A. jua, B. upepo, C. makaa ya mawe, D. maji.* Mtoto kachagua A.

"Mama, si jua ni nishati jadidifu? Mwalimu alisema."

"Ni kweli alisema. Hebu nisomee swali, polepole, mpaka mwisho."

"Vyote vifuatavyo ni vyanzo vya nishati jadidifu isipo… aah!"

Hiyo "aah" ndiyo unayoitafuta. Baada ya hapo mpe kanuni moja: kila akikutana na *isipokuwa*, *si*, *sio sahihi*, *kinyume* au *kisawe*, alipigie mstari neno hilo kwenye karatasi ya maswali kabla hajaangalia machaguo. Afanye hivyo hata kwenye maswali anayoyaona mepesi, kwa sababu ni hayo hayo yanayomnasa.

Mfano wa pili ni wa Hisabati, na huu unawanasa hata wanaojiita wataalamu. *24 − 6 × 3 + 8 ÷ 2 = ?*

Mtoto anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anagawanya 8 kwa 2, anapata 4. Anazidisha 6 kwa 3, anapata 18. Imebaki 24 − 18 + 4. Sasa MAGAZIJUTO inamwambia jumlisha kabla ya kutoa, basi anajumlisha 18 na 4, anapata 22, anatoa kwenye 24, jibu 2. Na 2 huwa ipo kwenye machaguo, imekaa inamsubiri. Jibu sahihi ni 10.

Kosa lake ni kuisahau alama iliyo mbele ya 18. Ile ni "toa 18", na alama hiyo inatembea na namba yake popote inapokwenda. Akitaka kujumlisha kwanza, ajumlishe 24 na 4 apate 28, kisha atoe 18. Au aende tu kutoka kushoto kwenda kulia: 24 toa 18 ni 6, jumlisha 4 ni 10. Kosa la namna hii ukilikamata Juni, umeokoa alama ambayo ingepotea kwenye kila karatasi hadi Septemba, na mtoto angebaki anasema, "Lakini nilifuata MAGAZIJUTO!"

Katika daftari la makosa, kila kosa lipate mistari mitatu: swali kwa ufupi, nilifanya nini, nitafanya nini nikikutana nalo tena. Aandike mtoto kwa mkono wake. Ukimwandikia wewe, utafaulu wewe.

Kama hujui jibu sahihi ni lipi, usione haya. Zungushia, na Jumatatu mtoto alipeleke kwa mwalimu. "Shikamoo mwalimu, swali hili nimekosa na nyumbani hatujalielewa" ni sentensi ambayo walimu wengi wanaipenda kuliko mzazi anayekuja Novemba kulalamika.

Utajua umefaulu siku mtoto atakapokosa swali na kusema mwenyewe, kabla hujafungua mdomo, "Hili ni la mkono."

## Hatua ya 5: Ratiba ya wiki kumi

Sasa una orodha ya makosa ya masomo sita, na ratiba ya wiki kumi za mwisho kabla ya mtihani inatoka humo. Zile zinazobandikwa ukutani kwa rangi nne zikiwa na saa sita za kusoma kila siku hufa Jumatano.

Siku za shule: dakika 30 za kusoma, mapumziko ya dakika 10, dakika 30 nyingine. Somo la kwanza liwe lile lenye makosa mengi ya "sikujua", la pili liwe jepesi. Kwa mtoto anayerudi saa 11 jioni, anaoga, anasaidia kazi kidogo, anakula, kipindi kinaanza saa 1 usiku na saa 2:30 amefunga. Saa 3 yuko kitandani.

Kama wewe ni wa sokoni Mbuyuni au Kiboriloni na unafika nyumbani saa 2, msitegemeane. Mpe jukumu dada au kaka wa sekondari awe msimamizi wa saa, na wewe ubakie na ukaguzi wa daftari la makosa Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada. Dakika 40 za wiki zinatosha.

Jumamosi ni siku ya karatasi moja nzima na kuisahihisha. Mwenye madrasa asubuhi afanye mchana. Nusu siku ya wiki iwe ya kucheza kweli kweli, mpira, kamba, kutembelea bibi kijijini Marangu au Kibosho, bila daftari kwenye mfuko.

Na kazi za nyumbani? Zipungue, zisiishe. Mtoto anayefagia na kuchota maji kwa dakika 20 anapumzisha kichwa. Anayelea mdogo wake kuanzia saa 10 hadi saa 2 usiku hawezi kufuata ratiba hii, na hilo ni la watu wazima kulitatua.

Shule yake ikiweka kambi, muulize mwalimu saa za kulala na chakula kabla ya kulipa, na mpeleke na daftari lake la makosa.

## Hatua ya 6: Kusoma kwa kufunga daftari

Mtoto anayesoma ukurasa mara tano anahisi ameujua kwa sababu macho yameuzoea. Mtihani hautampa ukurasa.

Utaratibu ni huu. Asome ukurasa mmoja au mada fupi kwa dakika 10. Afunge. Achukue karatasi iliyotumika upande mmoja, aandike kila anachokumbuka bila kuchungulia. Afungue, ajaze kwa kalamu nyekundu yale aliyoyasahau. Hayo mekundu tu ndiyo ya kurudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Mara ya kwanza ataandika mistari minne na kukata tamaa. Mwambie ni kawaida. Ule ugumu wa kutafuta jibu kichwani ndio unaolifanya likae. Likija kirahisi halijakaa.

Mzazi unaweza kusaidia jikoni bila kitabu. Unamenya ndizi, unamuuliza: "Hivi kwa nini huku kwetu kusini mwa Mlima Kilimanjaro mvua ni nyingi, na upande wa kaskazini ni kukavu?" Akikujibu "kwa sababu ya mlima", usikubali. "Mlima unafanyaje?" Mbane mpaka aseme kwamba upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unakutana na mlima, unalazimika kupanda, unapoa, mvuke unakuwa mawingu na kunyesha upande huu, na ukivuka unakuwa umebaki mkavu. Mtoto akikueleza hivyo huku anageuza machalari, swali la mvua za milima halimshindi tena. Nawe ukiwa hukuwahi kulisikia jambo hilo, vizuri zaidi. Utamuuliza kwa dhati, na atajisikia mwalimu.

Kiingereza kwa watoto wa shule za kayumba, yaani za serikali, kina njia yake. Dakika 10 kila siku za kusoma kwa sauti hadithi fupi ya kitabu cha shule, kisha maneno matano mapya yaingizwe kwenye sentensi zake mwenyewe. Orodha ya maneno 50 ya kukariri Jumapili haibaki hata Jumanne.

## Hatua ya 7: Kusiliba na saa

Mbinu za chumba cha mtihani zinafundishika, na shule nyingi hazina muda nazo.

Omba shuleni nakala ya fomu ya OMR, au chora yako: safu za namba na vidonge, yaani sehemu za kujaza, A hadi E. Kila karatasi ya Jumamosi ijibiwe humo. Azoee kujaza kidonge chote bila kutoka nje, na akibadili jibu afute hadi pawe peupe kabisa. Mashine haijui alikuwa anamaanisha lipi.

Ajali mbaya kuliko zote ni ya kuruka. Mtoto anaruka swali la 17 kwa sababu ni gumu, anasiliba jibu la 18 kwenye mstari wa 17, na kuanzia hapo kila kitu kimehama. Anatoka akitabasamu, majibu yote anayajua, yamekaa nyumba za jirani. Kinga: akiruka swali, aweke nyota kwenye karatasi ya maswali, na kila akifika swali la 10, 20, 30 na 40 asimame, anong'one namba ya swali na namba ya mstari wa fomu. Ni sekunde tano.

Kuhusu muda, gawanyeni dakika kwa maswali. Karatasi ya maswali 45 kwa saa moja na nusu inatoa dakika 2 kwa swali. Afanye mizunguko miwili: wa kwanza anajibu yote anayoyaweza, likimgomea anaweka nyota na kusonga, wa pili anarudi kwenye nyota. Dakika 10 za mwisho ni za kukagua fomu. Asiache kidonge cha kuchagua kikiwa kitupu, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halimkati alama alizokwisha pata. Kwenye maswali ya Hisabati ya kuandika, aonyeshe njia yote.

Utajua umefaulu alama za ndani ya muda na za jumla zikikaribiana.

## Hatua ya 8: Hofu

Hofu kidogo inamwamsha. Hofu nyingi inakaa kichwani mahali pale pale ambapo anatakiwa kushikilia namba anazokokotoa, ndiyo maana mtoto "anasahau kila kitu" akiingia na kukumbuka akitoka nje.

Dalili za nyumbani: tumbo linauma kila Jumapili jioni, anakojoa kitandani wakati alishaacha, anafoka bila sababu, hataki kula. Usimwambie "usiogope". Mwambie aitaje: "Unaogopa nini hasa?" Mara nyingi jibu ni wewe. Anaogopa kipigo, au anaogopa kulinganishwa na binamu aliyepelekwa shule ya kulipia Arusha.

Acheni kabisa sentensi mbili: "Tumeuza ng'ombe kwa ajili yako" na "Mwenzako alipata A zote". Mbadala wake ni kusifia kazi inayoonekana: "Wiki iliyopita makosa ya mkono yalikuwa tisa, leo ni manne."

Mfundisheni pumzi. Avute kwa puani akihesabu hadi 4, atoe polepole akihesabu hadi 6, mara tano. Afanye kila Jumamosi kabla ya kufungua karatasi, ili Septemba mwili uwe umeshaizoea.

Dawa za kuongeza akili, vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa ya kukeshea, hapana. Vinampa mapigo ya moyo ya haraka, na yeye atadhani ni hofu.

Ikiwa hapati usingizi wiki nzima, anakataa shule, au anasema maneno ya kutotaka kuishi, acha mitihani pembeni mara moja na umpeleke hospitali. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho na siku mbili zenyewe

Wiki ya mwisho hakuna mada mpya. Ni daftari la makosa peke yake, kurasa chache kila jioni, na kulala mapema.

Simu yako itaanza kupokea picha za "mtihani umevuja". Futa, usimwonyeshe mtoto, usitume mbele. Nyingi ni za kitapeli, na kama ni za kweli ni mbaya zaidi: matokeo ya watahiniwa hufutwa kwa udanganyifu, na aliyekesha akikariri majibu ya mtu ameingia bila usingizi.

Jioni ya kuamkia mtihani, pangeni begi pamoja: penseli mbili zilizochongwa, ufutio, kichongeo, kalamu mbili, rula, mkebe, chupa ya maji. Msichana awekewe na pedi hata kama siku zake bado, kwani presha wakati mwingine huvuruga tarehe. Andikeni namba yake ya mtihani kwenye daftari la nyumbani, mtaihitaji kuangalia matokeo. Mambo ya tahajia ya jina kulingana na cheti cha kuzaliwa muwe mmeyamaliza shuleni miezi mingi kabla.

Asubuhi ale alichozoea: uji wa ulezi, chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Si siku ya kumjaribia supu ya kongoro. Septemba asubuhi bado kuna baridi, hasa kwa wanaoshuka kutoka juu milimani, kwa hiyo sweta. Kama anakwenda kwa boda, mpange dereva jana yake, na atoke mapema kiasi kwamba pancha moja haitamchelewesha. Aende chooni kabla ya kuingia.

Akirudi siku ya kwanza, usimwulize swali la 12 alijibu nini. Muulize amekula, na amechoka kiasi gani. Karatasi ile imeshafungwa kwenye bahasha, hakuna mtu anayeweza kuibadilisha, na kuna nyingine kesho asubuhi ambayo bado iko mikononi mwake. Akisisitiza kueleza, msikilize dakika chache bila kusahihisha, kisha achonge penseli zake na alale.